Mpinzani wa Kuteuliwa

Haya yalitokea Ulaya, mbali kabisa na kwetu, katika nchi ambayo ramani za siku hizi hazina nafasi nayo. Nalisema hili mapema ili msomaji awe na amani. Akimkuta humu mkuu wa wilaya anayefanana na wa kwao, au akisikia hotuba anayoamini aliisikia juzi uwanjani, ajue macho na masikio yake yanamdanganya. Viongozi wetu si wa namna hiyo, na mimi niko tayari kulitangaza jambo hilo popote nitakapoitwa.

Nchi hiyo ilizaliwa baada ya ile vita kuu ya kwanza. Kabla ya hapo ilikuwa mkia wa dola kubwa ya kifalme. Vita ilipokwisha, mfalme alipanda treni akiwa amevaa nguo za mpishi wake, mpishi akabaki jikoni anatetemeka kwa baridi, na asubuhi yake wananchi wakatangaziwa kwamba sasa wao ni jamhuri. Wengi walishangilia. Wachache waliuliza kama huyo Jamhuri ameoa.

Serikali mpya haikupoteza muda. Ilifuta vyeo vyote vya kimwinyi, hivyo Baroni Zigmund von Trauben akawa Raia Zigmund Aliyekuwa Baroni, jina refu kuliko la mwanzo. Mashamba yake yalibaki yake, maana sheria ilitaja vyeo tu. Kisha serikali ikaunda chama, chama kikaitwa Umoja wa Wote, na uchaguzi wa kwanza wa bunge ukafanyika kwa nderemo. Umoja wa Wote ulipata kura zote. Katika wilaya chache zenye uzalendo wa kupita kiasi, ulipata kura nyingi kuliko watu.

Tatizo lilitoka nje. Mataifa makubwa yalikuwa yameunda baraza la kukaa pamoja na kuzungumzia amani, na jamhuri changa ilikuwa na hamu ya kupata kiti humo. Waziri Mkuu, Dokta Matushka, alikwisha kushona hata suti ya kukalia kiti hicho. Jibu la mataifa likaja kwa lugha laini ya kibalozi: wamefurahishwa mno na ushindi huo, ila wangependa kujua ni nani aliyeshindwa.

Baraza la Mawaziri likaketi kumtafuta aliyeshindwa. Hakupatikana. Wapinzani wa kweli walikuwepo, lakini walikuwa gerezani, na sheria ilimkataza mfungwa kugombea. Serikali haikuwa tayari kuvunja sheria. Ndipo ukatolewa uamuzi wa busara: uchaguzi utarudiwa, na safari hii kila jimbo litakuwa na mpinzani mmoja, atakayeteuliwa na mkuu wa wilaya kutoka miongoni mwa watumishi waaminifu wa serikali. Mpinzani huyo atashindwa kwa utaratibu mzuri, mbele ya wakaguzi wa kigeni, na chama chake kitaitwa Chama cha Upinzani Mwema.

* * *

Katika mji wa Zelubitsa, kando ya mto Skrava, alikuwako mtumishi wa forodha aliyeitwa Otokar Vimla. Zamani mto ule ulikuwa mpaka wa dola, na Otokar alikuwa mtu wa maana: hakuna sanduku lililovuka bila yeye kulifungua. Lakini vita ilipokwisha mpaka ulihamishwa mbali sana kuelekea mashariki, na kwenye kuhamisha huko watu wakamsahau Otokar. Kituo chake kikabaki katikati ya nchi. Kila asubuhi aliinua kizuizi chake chenye rangi nyekundu na nyeupe, kila jioni alikishusha, na kati ya hapo walipita bata bukini, ambao hawakuwa na cha kutangaza.

Mkewe Ludmila alikuwa amechoka. "Nimepiga pasi magwanda haya miaka yote," alikuwa akisema, "na hakuna hata mwizi mmoja aliyeyaogopa."

Siku moja Otokar aliitwa ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Severin Hlavka, mtu mnene mwenye sharubu zilizopakwa nta.

"Bwana Vimla," alisema Hlavka, "nimepitia watumishi wote wa wilaya hii. Mwalimu ana wanafunzi, mtu wa posta ana barua, hata mzika wafu ana wafu wake. Wewe peke yako ndiye ambaye ukikosekana kazini hakuna kazi itakayoharibika. Kwa hiyo nakuteua uwe mpinzani wa serikali."

Otokar akakauka. "Mheshimiwa, mimi siipingi serikali. Naipenda."

"Ndiyo sababu nimekuteua. Kazi hii hatuwezi kumpa mtu mwenye chuki." Hlavka akamsogezea kiti. "Utagombea dhidi ya Raia Zigmund, mgombea wa Umoja wa Wote. Utazunguka kidogo, utahutubia kidogo, utashindwa sana. Ukishindwa vizuri, nitakuhamishia kwenye mpaka mpya. Kule treni zinasimama, ndugu yangu. Zina abiria, abiria wana masanduku."

Macho ya Otokar yakang'aa. "Na nikishinda?"

Mkuu wa Wilaya alicheka mpaka sharubu zikapinda. Hakuna aliyekuwa amefikiria swali hilo, hata kule makao makuu. Alipomaliza kucheka akasema kwa upole, "Nyumba unayolala ni ya serikali, sivyo?"

"Ni ya serikali, Mheshimiwa."

"Basi lala vizuri."

* * *

Hotuba ya kwanza ya Otokar iliandikwa na Mkuu wa Wilaya mwenyewe, kwa kuwa hakutaka kubahatisha. Ilisomwa sokoni siku ya gulio, baada ya Raia Zigmund Aliyekuwa Baroni kumaliza yake.

Raia Zigmund alikuwa mtu mpole aliyependa kuwinda kwale. Siasa hakuitaka, mama yake ndiye aliyeitaka kwa niaba yake. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu kwamba Umoja wa Wote utaleta umeme, utashusha bei ya chumvi, utajenga daraja, utaongeza jua wakati wa mavuno. Watu walimsikiliza kwa adabu huku wakichagua kabichi.

Kisha Otokar akapanda juu ya mkokoteni, magwanda yamenyooka, akasoma:

"Ndugu wananchi. Mimi sina cha kuwaahidi. Shida zenu nazijua, ila dawa yake siijui. Mkinichagua, sioni kama mambo yatabadilika upesi. Asanteni kwa kunisikiliza."

Mikono iliyokuwa ikichagua kabichi ikasimama. Hata bata walionekana kutafakari. Mbele kabisa alikuwa amesimama Bi Hedvika, muuza viazi, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Aliweka kikapu chini.

"Hebu rudia," alisema.

Otokar, ambaye alikuwa mtiifu, akarudia.

"Jamani!" Bi Hedvika akawageukia wenzake. "Mimi nina umri huu, nimehutubiwa na majenerali, maaskofu na wajumbe wa mfalme. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia hotuba na kuiamini yote, mwanzo mpaka mwisho!"

Makofi yaliyofuata yaliangusha njiwa kutoka paa la kanisa. Otokar alishuka mkokotenini akiwa ameduwaa, na watu wakamshika mkono, mmoja baada ya mwingine, kama bwana harusi. Tangu mpaka uhamishwe, hakuna aliyekuwa amemshika mkono kwa furaha namna ile.

Mkuu wa Wilaya alimwita jioni ile ile. "Umeisoma kwa heshima mno," alimlaumu. "Ulipaswa kuisoma kama mjinga. Kesho utatangaza mabaya. Tuone kama watapiga makofi."

Kesho yake Otokar akatangaza mabaya. Aliwaambia wakulima kwamba akichaguliwa kodi haitapungua hata kidogo. Wakulima wakaangaliana. "Haitapungua?" akauliza mmoja. "Yaani haitapanda?" Kwa kuwa serikali iliahidi kuipunguza kila mwaka, na kila mwaka ilipanda, habari kwamba itabaki palepale ilipokewa kwa nderemo. Walimbeba Otokar mabegani mpaka kiwanda cha bia, wakamnywesha.

Alirudi nyumbani kofia imekaa upande.

"Ludmila mke wangu," alisema, "nashindwa kushindwa."

Ludmila akamwekea supu mezani. Alikuwa amesimama sokoni nyuma ya watu siku zote mbili, na hakuwa amemwambia. "Unapohutubia," alisema taratibu, "unasimama kama ulivyosimama siku ile uliponipekua sanduku langu. Nilikuwa nimesahau."

Otokar akala supu yake akiwa na haya kama kijana.

* * *

Sasa lazima nieleze habari ya daraja.

Mji wa Zelubitsa ulikuwa upande mmoja wa mto, lakini mashamba ya watu na stesheni ya treni vilikuwa ng'ambo. Daraja la kale la mawe lilibomolewa na jeshi lililokuwa likikimbia, ambalo halikutaka kufuatwa, na kwa kweli hakuna aliyetaka kulifuata. Tangu hapo watu walivuka kwa pantoni, wakilipa kwenda na kurudi. Serikali iliahidi daraja. Iliweka jiwe la msingi kwa tarumbeta, na kila alipokuja mkubwa mwingine likawekwa jiwe lingine, mpaka mawe ya msingi yakawa mengi hivi kwamba yangepangwa vizuri yangefika karibu na katikati ya mto. Lakini daraja halikuja, na sababu yake kila mtu aliijua. Pantoni ile ilikuwa mali ya shemeji yake Mkuu wa Wilaya.

Kila mtu aliijua, lakini hakuna aliyeisema. Ilikuwa kama shati la ndani la askofu: lipo, lakini halizungumzwi.

Mkutano wa mwisho wa kampeni ulifanyika kando ya mto, pale kivukoni. Mkuu wa Wilaya alikaa mbele kwenye kiti chenye takia jekundu, na kando yake shemeji. Otokar alikuwa amesoma nusu ya hotuba yake Bi Hedvika alipoinua mkono.

"Bwana Vimla. Wewe unakaa hapa kivukoni. Kila asubuhi unatuona tunasimama kwenye mvua na mizigo yetu. Majira ya kuchipua yaliyopita uliniona nikipoteza gunia zima la mbegu mtoni kwa sababu pantoni ilijaza watu kupita kiasi. Sasa tuambie, wewe usiye na cha kuahidi. Daraja letu halijengwi kwa nini?"

Otokar alimtazama Mkuu wa Wilaya. Hlavka alitikisa kichwa polepole sana, kushoto na kulia. Otokar akaitazama nyumba ya forodha, yenye mapazia aliyoyashona Ludmila. Akaona mapazia yale yamefungwa kwenye mkokoteni pamoja na vyungu na kitanda, katikati ya barabara. Kisha akamtafuta Ludmila mwenyewe. Alikuwa amesimama karibu na maji, mikono kifuani, na hakutikisa kichwa upande wowote.

"Nimekuwa mtu wa forodha maisha yangu yote," alisema Otokar. "Kazi yangu ni kuuliza watu wamebeba nini, na wao wanatakiwa waseme. Sasa leo nimeulizwa mimi. Daraja halijengwi kwa sababu pantoni ni ya shemeji yake Mkuu wa Wilaya. Na shemeji mwenyewe ndiye yule pale, aliyevaa kofia ya kijani."

Shemeji akavua kofia haraka, jambo ambalo halikumsaidia.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama wakiutazama mto, kama vile wameuona kwa mara ya kwanza. Otokar alishuka, akamshika mkewe mkono, wakaenda nyumbani.

"Anza kufunga vyombo," alimwambia.

"Nilishaanza tangu juzi," alijibu Ludmila. "Nilijua utasema."

* * *

Mkuu wa Wilaya hakukasirika hadharani, kwa sababu kukasirika hadharani wakati wa uchaguzi kulikatazwa na waraka. Badala yake alitoa kanuni za siku ya kupiga kura, na kwa kuwa zilikuwa kanuni nzuri sana nitazieleza.

Ili kuepusha msongamano, kila mgombea alipewa kituo chake. Aliyetaka kumchagua Raia Zigmund angepiga kura katika ukumbi wa mji, penye jiko la moto na supu ya bure, katika sanduku la kioo, ili kila mtu aone hakuna udanganyifu. Aliyetaka kumchagua Bwana Vimla alikuwa na uhuru kamili wa kufanya hivyo ng'ambo ya mto, katika kinu cha zamani cha kusagia nafaka, kilichohamwa. Kanuni ya mwisho ilisema kwamba siku hiyo pantoni haitafanya kazi, kwa sababu ya ukarabati.

"Demokrasia," alisema Hlavka akipiga muhuri, "ni kumwachia kila mtu njia yake."

Siku ya kura ilipambazuka na jua safi. Saa za kwanza hakuna aliyeingia ukumbini. Supu ikachemka, ikaongezwa maji, ikachemka tena. Mkuu wa Wilaya alipiga kura yake mwenyewe, ikalala peke yake ndani ya kioo. Ndipo aliposikia mvumo mitaani, kama ngurumo inayotembea. Alifungua dirisha. Mapipa.

Mji mzima ulikuwa unaviringisha mapipa. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walikuwa wamefungua ghala, na mapipa matupu yalishuka barabara ya kivukoni, mengine yakisukumwa na wanaume wawili, mengine na bibi mmoja. Nyuma yao walikuja watu wamebeba milango. Kila nyumba ilitoa mlango wake. Kasisi alitoa mabenchi ya kanisa na mlango wa chumba cha kuungamia, akisema siku hiyo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kutubu. Bi Hedvika alisimama kwenye maji mpaka kiunoni, sketi ameifunga juu, akipokea mapipa na kuyafunga kamba.

"Huku! Huku!" alipaza sauti. "Kaza hapo! Wewe mwenye mlango wa kijani, lala chali ujaribu kama unabeba mtu!"

Walikuja mpaka nyumba ya forodha, na fundi seremala akauliza kwa haya, "Bwana Vimla, ule mti wa kizuizi chako... tumepungukiwa boriti ya katikati."

Otokar aliutazama mti wake mwekundu na mweupe. Akaung'oa mwenyewe, akaubeba begani, akaingia nao mtoni na magwanda yake.

Mkuu wa Wilaya alifika anahema, nyuma yake Sajini Kubat na askari wake.

"Sajini! Hili ni jengo lisilo na kibali. Libomoe!"

Sajini Kubat alipiga saluti. "Ndiyo, Mheshimiwa." Lakini hakusogea.

"Unangoja nini?"

"Mheshimiwa, bado sijapiga kura."

"Basi nenda ukumbini upige, halafu urudi ubomoe!"

Sajini alikohoa. "Kura ni siri, Mheshimiwa. Lakini siri yangu iko ng'ambo."

Wakati huo ndipo honi ya treni iliposikika. Na wakati huo ndipo Bwana Hlavka, aliyefikiria kila kitu, alipokumbuka kitu kimoja ambacho hakukifikiria: mkaguzi wa kigeni alikuwa anakuja na treni, stesheni iko ng'ambo, na pantoni alikuwa ameisimamisha yeye mwenyewe.

Upande wa pili wa mto alitokea bwana mrefu, mwembamba, mwenye miwani na kofia ya duara. Alikuwa ni Bwana Thorsby, mkaguzi kutoka taifa moja kubwa. Aliona umati, akaona bendera, akapunga kofia kwa furaha.

Hlavka hakuwa na jinsi. Alivuta pumzi, akakanyaga mlango wa kwanza. Daraja likayumba. Watu wakampisha kwa adabu kubwa, wengine wakamshika kiwiko asianguke, na Mkuu wa Wilaya akavuka mto Skrava juu ya mapipa ya bia, akitanua mikono kama mtu anayetembea juu ya kamba. Alipofika ng'ambo sharubu zilikuwa zimelegea, lakini ulimi bado ulikuwa mzima.

"Karibu Zelubitsa, Mheshimiwa!"

"Ajabu kabisa!" alisema Bwana Thorsby, kwa msaada wa mkalimani wake. "Wananchi kuvuka mto pamoja ili kupiga kura! Ni desturi yenu?"

"Ya kale sana," alisema Hlavka.

"Na daraja hili la kuvutia, nani amelijenga?"

Bi Hedvika alikuwa amesimama hapo karibu, maji yanamchuruzika. Mkuu wa Wilaya alimwangalia yeye, akamwangalia mkaguzi, na akachagua kama alivyozoea kuchagua.

"Serikali," alisema.

"Mmesikia?" Bi Hedvika aligeuka na kupaza sauti mpaka ukingo wa pili. "Daraja hili ni la serikali! Mkuu wa Wilaya mwenyewe amesema! Ole wake atakayeligusa!"

Shangwe iliyolipuka ilimgusa sana mkaguzi, akaandika kwamba hajapata kuona watu wanaoipenda serikali yao kiasi hicho. Na daraja likawa haliwezekani tena kubomolewa, kwa kuwa hakuna mtumishi anayeweza kubomoa mali ya serikali.

Watu walivuka siku nzima. Walivuka wazee wamebebwa kwenye viti, walivuka askari, alivuka hata Raia Zigmund Aliyekuwa Baroni, na bunduki yake ya kwale begani. Alimkuta Otokar mlangoni mwa kinu, amelowa chapachapa.

"Bwana Vimla," alinong'ona, "nimekupigia kura. Tafadhali usimwambie mama."

* * *

Kura zilihesabiwa mbele ya mkaguzi. Katika sanduku la kioo zilikutwa kura mbili: ya Mkuu wa Wilaya, na ya shemeji yake, ambayo ilikuwa imeharibika. Zilizobaki zote zilikuwa ng'ambo.

Ludmila alizipokea habari akiwa amekaa juu ya mkokoteni wenye kitanda na vyungu. "Basi tushushe vyombo au tusishushe?" aliuliza. Hakuna aliyejua.

Mkuu wa Wilaya alipeleka simu ya maandishi mji mkuu: MPINZANI AMESHINDA. NIFANYE NINI. Jibu likarudi: MPINZANI NI NANI. Akajibu: MTUMISHI WETU. Jibu la mwisho likaja haraka zaidi: BASI TUMESHINDA. ACHA KELELE.

Kesho yake gazeti la serikali lilitoka na maandishi makubwa kwamba Umoja wa Wote umeshinda pande zote mbili. Na katika siku zilizofuata ilijulikana kwamba ushindi huo ulikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, kwa maana katika karibu nusu ya majimbo watu walikuwa wamewachagua wale walioamriwa kushindwa.

Hao walipokutana bungeni walikuta upande wa kushoto, wa wapinzani, hauna viti. Hakuna aliyedhani utahitajika. Wakasimama pale na kofia zao mikononi: mpishi wa gereza, mtunza taa wa ziwa lililokauka, mwalimu wa densi wa jeshi, na Otokar Vimla.

"Na wewe uliagizwa ushindwe?" mpishi wa gereza alimnong'oneza.

"Niliagizwa."

"Mimi nilijitahidi sana," alisema yule mtunza taa kwa huzuni. "Nililia jukwaani. Wakasema nina moyo."

Waziri Mkuu, Dokta Matushka, aliingia akiwa amevaa suti yake mpya, maana kiti cha baraza la mataifa kilikuwa kimepatikana. Alisita alipouona umati ule wa kushoto.

"Nani kawaruhusu ninyi kusimama hapo?"

"Ni wewe, Mheshimiwa," walijibu kwa pamoja na kwa heshima, kwa kuwa walikuwa watumishi watiifu.

Otokar aliomba kusema. Safari hii hotuba aliiandika Ludmila. Alimshukuru Waziri Mkuu kwa daraja la Zelubitsa, ambalo mkaguzi wa kigeni alilisifu katika taarifa yake na ambalo mataifa yote sasa yanalijua. Kisha, kwa niaba ya wananchi, akamwomba aje alizindue rasmi, akiwa ndani ya gari lake, mbele ya mabalozi. Bunge likapiga makofi. Waziri Mkuu akainama kukubali. Waziri wa Ujenzi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amegeuka rangi ya maziwa, kwa sababu alikuwa ameuliza, na alijua kuhusu mapipa.

Hapajawahi kuonekana ujenzi kama ule. Wahandisi walishuka Zelubitsa na treni nzima ya saruji. Walifanya kazi kama watu wanaofukuzwa, na mawe ya msingi, ambayo yalikuwa mengi na ya ubora wa juu, yote yalitumika. Kiwanda cha bia kilirudishiwa mapipa, kila mtu akarudishiwa mlango wake. Bwana Hlavka alipandishwa cheo, akapelekwa kuwa balozi katika nchi isiyo na mito. Otokar na mkewe wakashusha vyombo.

Siku ya uzinduzi gari jeusi la Waziri Mkuu lilivuka daraja jipya polepole, kofia ndefu ikipungwa dirishani, bendi ikipiga, mabalozi wakifuata kwa miguu. Lilifika ng'ambo, likashuka kutoka kwenye mawe, likazama kwenye tope mpaka milangoni. Wahandisi waliagizwa kujenga daraja; barabara haikuwa kwenye agizo.

Dereva alikanyaga mafuta, tope likaruka juu ya mabalozi. Bendi ikanyamaza. Ndipo wananchi wa Zelubitsa walipokuja mbio, Bi Hedvika mbele, Otokar nyuma yake akivua koti na kumpa Ludmila, na Sajini Kubat akikunja mikono ya shati. Wakaweka mabega. Gari likatikisika, likarudi palepale.

Waziri Mkuu alitoa kichwa nje. "Sukumeni, ndugu wananchi! Sukumeni!"

"Tunasukuma, Mheshimiwa," alisema Otokar Vimla, tope mpaka magotini, kwa adabu yake yote. "Ila litatoka upesi zaidi ukishuka."